Kibano cha Katekista

Mtaa mzima wa Bofu, huku Likoni, ulimpenda Katekista isipokuwa mimi. Nasema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Kwao hasa ni wapi, alizaliwa lini na babake aliitwa nani, sikuuliza. Mtu unayemwonea wivu humuulizi habari za kwao. Unaogopa usije ukazipenda. Nilimkuta tayari ana mvi za kidevuni, anavaa soksi nyeupe ndani ya makubadhi, na anaendesha pikipiki nyekundu aliyoifuta kila asubuhi kwa fulana kuukuu. Kazi yake ilikuwa kufundisha dini, na Jumapili ambazo padri hakufika, kuongoza ibada katika makanisa madogo ya kusini, kutoka Kinango hadi karibu na Lunga Lunga. Kazi yangu mimi ilikuwa bodaboda, steji ya pale pale Bofu. Basi tulikuwa watu wawili wa pikipiki katika mtaa mmoja, na sifa zote zilikwenda upande mmoja.

Alisifiwa kwa kusalimu. Utasema kusalimu ni kitu gani cha kusifiwa, kila mtu anasalimu. Ngoja kwanza. Mtu akiwa juu ya pikipiki, mkono wake wa kulia hauna ruhusa. Ndio unaonyonga mafuta, na ukiuachia tu, pikipiki inazubaa. Sisi wa bodaboda tukipita mbele ya wazee tunapiga honi au tunatikisa kichwa, na aliyekosa malezi kabisa ndiye anayeinua mkono wa kushoto. Kwetu hata sahani ya wali ukimpa mtu kwa kushoto unaambiwa uirudishe umpe tena. Sasa mzee wa watu ameketi barazani kwake, unampungia kwa kushoto, si bora ungepita kimya?

Katekista alisalimu kwa kulia. Akiikaribia baraza alibonyeza kitu kidogo kwa kidole gumba, mkono ukaachana na usukani ukapanda juu, kiganja wazi, na pikipiki ikaendelea kwa mwendo ule ule. "Tumsifu Yesu Kristo!" kwa Wakristo, "Salaam aleikum!" kwa Waislamu, na "Shikamoo!" kwa yeyote aliyemzidi umri. Wazee walikuwa wakiinuka nusu kumwitikia. Akishapita wanatazamana, mmoja anasema, "Yule kalelewa." Halafu napita mimi na honi yangu, na hakuna anayesema kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa kibano cha mafuta. Kilikaa baina ya mshiko wa mafuta na breki ya mkono, pete ya chuma isiyozidi upana wa kidole, yenye vitufe viwili. Ukibonyeza cha chini, mafuta yanabaki pale pale ulipoyaacha, na mkono wako unapumzika. Ukibonyeza cha juu, kinaachia. Aliachiwa na padri mmoja wa kizungu aliyerudi kwao, mtu aliyependa pikipiki kuliko mahubiri. Likoni nzima sikuona kingine. Padri alipoaga, wengine walipewa vitabu na vyandarua, na watu walimcheka Katekista kwa kuchagua kipande cha chuma. Kicheko kile hakikudumu.

Alikuwa na misemo yake kuhusu kibano hicho, naye aliitoa bila kuombwa, hata katikati ya mafundisho ya ndoa. "Kabla hujajua kinavyoshika, jua kinavyoachia." Na mwingine, ambao mabwana harusi waliufahamu na mabibi harusi wakauchekea: "Kibano kizuri ni kile kinachokubali kushindwa." Maana yake ilikuwa wazi kwa mtu wa pikipiki. Mtoto akikatiza barabara, huna wakati wa kutafuta kitufe; mkono unarudisha mafuta kwa nguvu, na kibano kinatakiwa kukutii saa ile ile. Kinachobishana na mkono ni cha kutupa baharini.

Alipiga marufuku kukitumia penye watu. "Kibano ni cha barabara tupu," aliniambia kwa ukali wa mwalimu. "Si sokoni, si penye mvua, si wakati wa kupita lori." Sawa, mwalimu. Na yeye alikifungia wapi? Katikati ya Bofu, penye kuku, watoto na mikokoteni, ili ainue mkono awasalimu watu! Nikamwambia siku moja, kwa adabu niliyojilazimisha, "Katekista, hii barabara tupu yako mbona imejaa wazee?" Akacheka mpaka soksi zikateremka. "Bwana mdogo, mimi huenda mwendo wa kinyonga. Hata nikimgonga mtu, tutakuwa tumeshasalimiana."

Hayo ningeyastahimili. Wivu wangu haukuwa wa wazee wa barazani. Ulikuwa wa mama yangu.

Mama ana presha na nyonga mbovu, na kila Alhamisi ya kliniki anatakiwa afike zahanati upande wa Mtongwe. Mimi ni mwanawe wa pekee. Baba alikufa nikiwa mdogo, akatuachia nyumba ya vyumba viwili na mnazi mmoja. Nina pikipiki, nina leseni, nabeba wake za watu na mama za watu kutwa nzima, nao wananisifu. Mama yangu mzazi hakupata kukalia kiti changu hata kwa kupigwa picha. Alhamisi ikifika, anajifunga leso zake mbili, anasimama mlangoni, na anayekuja kumchukua ni Katekista.

"Mwanangu, mafuta yako yanarukaruka," aliniambia nilipomuuliza mara ya kwanza. "Nyonga yangu haiwezi. Katekista akienda hujui kama unakwenda."

Mama alipanda upande upande, mkono mmoja begani kwa Katekista, na kofia ya helmeti juu ya kilemba. Mimi niko stejini nawaona wanapita. Katekista anafungua kiganja chake: "Tumsifu Yesu Kristo, bwana mdogo!" Nami sina budi kuitikia, "Milele, amina," mbele ya wenzangu, huku mama yangu akinitazama na kucheka kama bibi harusi. Moyo uliniuma, sifichi. Nilimwonea wivu mzee yule kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamume yeyote kwa ajili ya mwanamke yeyote.

Basi nikasema, kama tatizo ni mafuta kurukaruka, mafuta yatatulia. Nami nitakuwa na kibano.

Kwanza nilifanya walivyofanya wenzangu wanaokwenda safari ndefu: nilichukua blada, ule ukanda wa tyubu tunaofungia mizigo, nikauzungusha kwenye mshiko nikaukaza juu ya breki. Mafuta yalikaa. Yalikaa mno. Nilikuwa nateremka kuelekea feri, mbele yangu mchuuzi wa maji anasukuma mkokoteni wa madumu, nikarudisha mkono na mkono haukurudi. Nilimwingia kwa nyuma. Hakuumia mtu, ila madumu yalipasuka, nikalowa kuanzia kofia hadi viatu, na mchuuzi akanitukana kwa Kiduruma na Kiswahili kwa zamu. Na nani akapita wakati ule akitoka feri? Alinipungia kwa kulia.

Aliegesha, akarudi kwa miguu, akaufungua ule ukanda kwa kisu chake kidogo. Kisha akampa mchuuzi pole kwa maneno matamu mpaka yule bwana akaishia kumwomba sala ya mke wake mjamzito. Kwangu alisema, "Hiki kinajua kushika tu." Ningependa angenitukana.

Nikaenda Kisauni, kwenye maduka ya spea. Muuzaji akanitolea kipande cha plastiki kinachovalishwa kwenye mshiko, kama ulimi, ili kiganja kikilalie badala ya kukaza vidole. Ni kitu kizuri kwa kupunguza ganzi, lakini hakishiki. Ukiondoa mkono, mafuta yanakufa. "Chenyewe cha kushika kipo," muuzaji alisema, "ila ni cha pikipiki kubwa za watalii. Mshiko wako mwembamba, kitacheza." Nikaona kingine cha skrubu, unakaza kwa kuzungusha. Kile kilishika vizuri, na kuachia kulitaka uzungushe tena, taratibu, kama unafungua chupa ya dawa. Hapo nikausikia ule msemo kichwani, kwa sauti yake, na nikakasirika kwamba hata dukani Kisauni mzee huyu yumo.

Mwishowe fundi mmoja wa kukereza vyuma huko Changamwe akanitengenezea pete kwa kipimo cha mshiko wangu. Ilibaki kujua kama ni salama, na aliyejua alikuwa mmoja tu. Nilizunguka nyumba yake mara kadhaa kabla ya kubisha hodi.

Nilimkuta uani anacheza dama na jirani yake, kwa vifuniko vya soda. Hili nalo niliseme, kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema: Katekista alikuwa mwizi wa dama. Jirani akigeuka kukohoa, kifuniko kimoja kinahama. Niliona kwa macho yangu, na nilipowasimulia watu stejini waliniambia nina chuki binafsi. Ni kweli nilikuwa nayo, lakini kifuniko kilihama. Alikuwa pia akikemea pombe ya mnazi kanisani, na Jumamosi ungemkuta amejificha nyuma ya banda la mgema na mrija mdomoni. Ukimfuma anasema, "Namsubiri mwenye nyumba." Na uimbaji wake! Kwaya ilikuwa ikimwomba aongoze sala tu, nyimbo waachiwe wao, na alinuna juma zima kila alipoombwa.

Lakini alikiacha kile kifuniko cha wizi akaja kuitazama pete yangu. Aliifunga mwenyewe, akaizima pikipiki kabisa. "Nyonga. Bonyeza. Acha." Mafuta yakakaa. "Sasa usibonyeze. Rudisha kwa nguvu." Yakarudi, kwa ukaidi kidogo. Akaomba tupa, akaikwangua pete kwa ndani, akajaribu tena, akaikwangua tena. Kisha akapinda usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. "Waya wa mafuta ukivutwa usukani ukipinda, kibano kitakuongezea mwendo kwenye kona. Watu wamekufa kwa hili." Ndipo akaniruhusu kuwasha, pikipiki ikiwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, na akanifanyisha yale yale mpaka jua likahama ua mzima.

"Unakitaka cha nini?" aliniuliza mwishowe. "Huna safari za mbali."

Sikuona sababu ya kuficha. "Nataka mama apande kwangu."

Alinitazama, akafuta mikono yake kwa ile fulana kuukuu. Alifungua mdomo, akaufunga. "Ni chuma kizuri," akasema. "Mshukuru fundi wako."

Nilijifunza kwenye barabara mpya ya Dongo Kundu, ambayo Mungu aliichora kwa ajili ya kibano: pana, nyoofu, haina matuta. Unanyonga polepole hadi mwendo unaoutaka, unabonyeza, unaachia vidole kimoja kimoja. Mkono wangu, ambao kwa miaka ulikuwa ukifa ganzi hadi kiwikoni, uliamka. Nilikunja na kukunjua vidole nikicheka peke yangu. Pikipiki ilikwenda kama maji kwenye mfereji. Abiria waliona, mama mmoja muuza samaki alinilalia mgongoni mpaka Ukunda.

Nikamwendea mama. "Alhamisi panda kwangu. Mafuta yangu hayaruki tena. Muulize Katekista."

"Ni kweli, ameniambia," alisema mama. "Lakini kiti chako ni kigumu, mwanangu."

Nikabadilisha kiti. Akasema moshi wa pikipiki yangu unamkaba. Nikasafisha bomba. Akasema leso mpya itashika mnyororo. Nikafunika mnyororo. Akasema Katekista ameshakuja, si adabu kumrudisha mtu mzima. Kila nilipoziba tundu alitoboa jingine, naye alitoboa kwa upole, akinishika shavu. Nikaamini jambo moja tu: mama ampenda mtu huyu kuliko anipendavyo mimi. Niliamini hivyo kwa miaka, na ukitaka kujua inavyochosha, jaribu kumsalimia kila siku mtu aliyekunyang'anya mama yako.

Kisha macho ya Katekista yakaanza kufifia. Akaigonga nguzo ya umeme, akaisalimia, watu walivyosimulia, na wanawe wakaja kutoka Voi wakaiuza pikipiki nyekundu na kibano chake. Kusema kweli nilifurahi. Nilifikiri sasa zamu yangu imefika.

Alhamisi iliyofuata mama hakwenda kliniki. Wala iliyofuata. Tuktuk hataki kupanda peke yake, anaogopa kizunguzungu kimkute na dereva asiyemjua. Kwangu hataki, na sasa hata visingizio ameacha. Anatikisa kichwa tu. Miguu ilianza kumvimba. Vidonge vilibaki vichache kwenye kikopo, naye akawa anavikata nusu akidhani simwoni. Hapo wivu wangu ukaingiwa na hofu. Nilikuwa tayari kumwajiri mzee yule akae mbele yangu juu ya pikipiki yangu, kama sanamu, mradi mama apande.

Nilimkuta upande wa feri, Likoni, akitoka hospitali kisiwani, amesimama na mwavuli kama fimbo. Bodaboda walimzingira: "Katekista, twende! Katekista, huku!" Aliwasogeza wote kwa mwavuli. "Yuko wapi bwana mdogo wa Bofu? Nasikia honi yake." Nikasogea. "Shikamoo, Katekista." "Marahaba. Nipandishe. Ila usinipeleke nyumbani kwanza, nipitishe Dongo Kundu."

Hakuwa abiria mzuri. Alinikaza bega, akaegemea kona kabla ya kona, akaniambia, "Panga gia, unasubiri nini?" Tulipofika penye unyoofu alinipiga begani. "Funga sasa." Nikanyonga, nikabonyeza, nikaachia. Nilisikia akianza kuimba, vibaya kama siku zote, na upepo ukawa unamsaidia.

Kabla ya daraja aliniomba nisimame pembeni. Alishuka, akatengeneza soksi zake.

"Mama yako amekosa kliniki."

"Najua. Hataki kwangu. Anakutaka wewe."

"Mimi?" Alikaribia kukasirika. "Kwangu alipanda kwa sababu nikianguka naye, wewe umebaki wa kumzika. Akipanda kwako mkaanguka, nani atamzika nani? Kwao watu wa nyumba moja hawapandi chombo kimoja. Na nyumba yenu ina wawili tu."

Magari yalipita. Nikaangalia mkono wangu.

"Aliniambia siku ya kwanza kabisa," aliendelea. "Akaniapisha. Alisema, nikimwambia kijana kwamba naiogopa pikipiki yake, ataiacha, na hana kazi nyingine. Afadhali afikiri nachagua kiti."

Mtu mwema pale angelia, au angemshukuru. Mimi nilichofikiri ni kwamba kumbe wamekaa na siri hii miaka yote, wao wawili, wakipita mbele yangu stejini kila Alhamisi. Mama alikuwa na hofu kubwa kuliko zote za maisha yake, na ilinihusu mimi, na aliyeambiwa ni yeye. Nilimwonea wivu pale pale, kwenye jua la saa sita, kuliko nilivyomwonea siku zote zilizopita. Nilimrudisha nyumbani kwake nikiendesha kwa mkono, bila kibano, na mafuta yakarukaruka.

Alhamisi nilimleta dereva wa tuktuk ninayemwamini, jirani yetu. Nikamwambia mama, "Wewe panda hiyo. Mimi nakuja nyuma kwa pikipiki yangu, sikuachi. Vyombo viwili."

Alikaza fundo la leso.

"Katekista amekuambia."

"Ameniambia."

"Aliniapia kwa Bikira Maria!" Uso wake ulikunjamana. "Mzee mzima, mdomo kama bomba lililopasuka. Simtaki tena nyumbani kwangu, mwambie hivyo."

Lilikuwa neno baya la kwanza kumsikia akisema juu ya mtu yule. Katekista alikuwa amevunja kiapo kwa ajili ya mama, ili asife kwa kukata vidonge, na nilijua hilo vizuri. Neno moja langu lingemtetea.

Sikulisema. Nilimsaidia mama kukaa, nikamwekea mto mgongoni, nikawasha pikipiki nikafuata nyuma.